Kidonge Kilichonuka Siki

Neema na wenzako mliobaki maabara, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nadhani mnaamini mzee akistaafu hukaa barazani akipoteza kumbukumbu moja baada ya nyingine. Barazani nakaa kweli, hapa Mbagala, na sina safari ya kwenda popote. Mke wangu anasema siku ya kufa nitaligomea hata jeneza kwa kuwa linatoka nje ya geti. Lakini kusahau sijasahau, na mengi ninayoyakumbuka hayachekeshi. Nitajitahidi kuchanganya.

Niliingia kiwanda cha dawa cha Mikocheni na cheti cha kidato cha nne chenye D ya kemia, ambayo mwalimu wangu aliniambia wazi kuwa ni ya huruma. Nilichukuliwa kuosha vyombo vya kioo. Siku ya kwanza, kabla hata ya chai, nikavunja flaski. Kwa akili za Mzaramo aliyelelewa na bibi, nikaficha vipande mfukoni mwa koti, na nilipoinama kuchukua ndoo vikanichana paja. Aliyeiona damu alikuwa Mama Anastazia, Mmakonde wa Newala, mkuu wa benchi la stabiliti, la kupima dawa inadumu muda gani. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, na hakuwa na haraka na jambo lolote duniani.

Hakunifokea. Alinifunga bandeji, akanipa daftari, akaniambia niandike kwamba nimevunja flaski, nimeificha, nimejikata. Nikaandika la kwanza tu. Akanirudishia daftari.

"Yote matatu," alisema. "Na saa. Nyie Wazaramo mnajua kucheza ngoma, kuandika hamjui. Hapa utaandika."

Nikaandika. Baada ya miezi michache akaniomba kutoka kwenye karo la vyombo, akanipeleka benchini kwake. Sijui aliona nini. Mie nilidhani amechoka kutania watu wasiojibu.

Kazi ya benchi lile watu wengi hawaijui, hata humo humo kiwandani. Wengine wanatengeneza dawa, sisi tunaizeesha. Unachukua kidonge kizima, kikiwa ndani ya pakiti yake kama kitakavyokaa dukani, unakifungia kwenye kabati lenye joto na unyevu, halafu unakisubiri kioze. Makabati yalikuwa mawili, kila moja kubwa kama friji ya bucha. Namba moja lilikuwa digrii arobaini, la kuzeesha kwa haraka. Namba mbili lilikuwa digrii thelathini, joto la duka la kawaida hapa mjini, la kuzeesha taratibu. Kila baada ya miezi kadhaa unatoa sampuli, unazipima. Kikiwa bado dawa, vizuri. Kikiwa kimeanza kuvunjika, unataka kujua kimevunjika kuwa nini na kiasi gani, maana vipande vya dawa iliyovunjika havimtibu mtu na vingine vinamdhuru.

Chukua aspirini. Kidonge hicho adui yake ni unyevu. Ukikiingia kinagawanyika vipande viwili: asidi moja inayokwangua tumbo, na nyingine ambayo ni siki ile ile ya kachumbari. Mama Anastazia alinifundisha kuipima asidi ya kwanza kwa njia ya kizamani. Unayeyusha kidonge, unadondosha maji ya chumvi ya chuma, na kama dawa imevunjika, bomba la kioo linageuka rangi ya zambarau. Unalilinganisha kwa macho na bomba la mfano, mkiwa mmesimama dirishani. Lakini kabla ya hapo alikuwa akifungua pakiti na kunusa. Alisema pua haitoi cheti ila inatoa taarifa.

Baadaye ikaja mashine ya HPLC, ya kutenganisha na kupima vilivyomo ndani ya dawa, ile tuliyoiita Bibi kwa sababu ukimharakisha ananuna. Bibi anachora milima kwenye karatasi. Mlima mkubwa ni dawa yenyewe. Kichuguu kinachoota pembeni yake ndicho kile kilichovunjika. Kazi yetu yote, miaka yote ile, ilikuwa kutazama kama kichuguu kinakua. Kuna kikomo kilichoandikwa, na kichuguu kikikipita, dawa imeshindwa. Hakuna kubembeleza. Nilijifunza kumwasha Bibi asubuhi, kumwosha kwa maji yaliyochujwa, kumsubiri atulie. Nilikuwa namsalimia. Shikamoo zangu nyingi za asubuhi zilimwendea yeye, na mke wangu mpaka leo ana wivu naye.

Sasa nije kwenye chakula.

Mie sili nje. Sijawahi kupenda chakula cha mama lishe. Nikikaa kwenye benchi la mtu nahisi nimehamishwa nchi. Kwa hiyo nilibebaga kibakuli kutoka nyumbani, wali na maharage, na pembeni achari ya ndimu ya mke wangu, iliyolala kwenye siki mpaka inauma masikio. Wiki ya kwanza benchini, Mama Anastazia mwenyewe alikichukua kibakuli changu akakiweka chini kabisa ya kabati namba moja, pamoja na vibakuli vya wengine. Ndiyo ilikuwa desturi ya maabara ile kabla yangu. Kabati lina joto, mchana chakula hakiwi baridi. Namba mbili halikutumika, kwanza halina joto la maana, pili lilikuwa na kufuli na ufunguo ulikaa shingoni mwa Mama Anastazia.

Mnacheka. Chekeni. Digrii arobaini haipashi chakula, inakichachusha. Nimeharisha kazini kwa miaka mingi nikimlaumu mke wangu. Mtu niliyeajiriwa kupima namna vitu vinavyoharibika kwenye joto na unyevu, sikuwahi hata siku moja kujiuliza kuhusu maharage yangu.

Mama Anastazia alistaafu akaenda Kimbiji, alikokuwa na shamba dogo la mihogo. Akanivisha ule ufunguo shingoni kwa mikono yake, akasema nisiutoe hata kuoga. Baada yake alikuja Dokta Lameck kuwa meneja wa ubora. Kijana msomi, msafi, mpole wa kauli. Kumsema vibaya ni kazi, kwa sababu hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Aliniita Mzee Rajabu na shikamoo alitoa kila siku.

Wakati wake kiwanda kikabadilisha pakiti za aspirini ndogo, ile wanayopewa watu wa moyo na waliopata kiharusi wameze kila siku ili damu isigande. Zamani ilifungwa kwenye foili juu na chini. Sasa ikawa foili upande mmoja na plastiki ya kung'aa upande wa pili, kidonge unakiona. Ilikuwa nzuri dukani na rahisi kuitengeneza. Tukaambiwa tupime pakiti mpya huku mauzo yakiendelea, kwa kuwa dawa ni ile ile. Nikaweka sampuli za plastiki kwenye makabati yote mawili, na pembeni yake, kwenye rafu ile ile, sampuli za foili za zamani kwa kulinganisha.

Mwezi wa tatu wa jaribio, kabati namba moja, kichuguu kilikuwa kimeinuka. Mwezi wa sita nilipofungua mlango wa kabati nilipokewa na siki. Nilifungua pakiti ya plastiki, nikanusa, nikaipeleka kwa Bibi. Kichuguu kilikuwa kimepita kikomo na kuendelea na safari zake. Za foili, zilizokaa zimegusana nazo miezi yote sita, zilikuwa safi kabisa. Nikapima na za kabati namba mbili. Zilikuwa bado ndani ya kikomo, lakini kwa unywele.

Niliandika ripoti, nikaipeleka. Dokta Lameck akaitisha kikao siku ya Ijumaa, baada ya swala. Akaeleza kuwa matokeo yana harufu isiyo ya kawaida, kisha akauliza kwa upole nani huwa anaweka vitu visivyo sampuli kwenye kabati namba moja. Tulikuwa sita mle ndani. Wote sita tulikuwa na vibakuli kabatini. Watano wakaangalia viatu vyao. Mie, ambaye mdomo wangu umenitia matatani tangu chuoni kwa maalimu, nikaona niwachangamshe.

"Dokta, usihangaike, hiyo harufu ni achari ya mke wangu," nikasema. "Mtuhumiwa ndiye mie."

Watu wakacheka. Dokta naye akacheka, huku akiandika.

Wengine walipotoka aliniomba nibaki. Baada ya muda fomu ikaja kutoka kwenye printa, ikiwa ya moto. Ilisema mvuke wa asidi kutoka kwenye chakula cha mchambuzi uliingia kwenye sampuli za kabati namba moja na kuziharibu, kwa hiyo matokeo ya mwezi wa sita yanafutwa, jaribio lote linafungwa, litaanzwa jingine na sampuli mpya. Mchambuzi ni mie. Pengo la saini lilikuwa chini ya jina langu.

"Nilikuwa natania, Dokta."

"Fomu haina sehemu ya utani, Mzee Rajabu. Umesema mwenyewe, mbele ya watu."

Nikamwambia kuhusu za foili. Kama achari yangu ndiyo iliyoharibu, mbona majirani zao rafu moja wamesalimika? Akanijibu bila kusita kwamba foili inazuia mvuke na plastiki inaupitisha, ndiyo maana. Alikuwa ametoka kusema kwa mdomo wake kwamba plastiki inapitisha, na Dar es Salaam nzima ni mvuke, yenye achari na isiyo na achari. Alijua kuwa nimeelewa. Akasogeza kalamu.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilitishwa. Ingenipendeza zaidi, na nyie mngenionea huruma. Hakunitisha. Hakusema neno kuhusu kazi yangu. Nilikumbuka kabati namba mbili, ambalo halijawahi kuona achari ya mtu na bado kichuguu chake kilikuwa kimeinuka, na matokeo yake yalikuwa kwenye mfuko wa koti langu, karatasi imekunjwa mara nne. Lakini kikao kilikuwa kimechukua mchana wote, Ijumaa ilikuwa inaisha, na mie nilitaka kwenda nyumbani. Hicho ndicho kisa kizima. Nilijiambia jaribio jipya litaonyesha yale yale, nusu mwaka si mwingi, acha liende. Nikasaini, nikawahi Mbagala, nikala vizuri.

Sampuli za kabati namba mbili ziliamriwa zitupwe na jaribio lao. Sikuzitupa. Nilizisukuma nyuma kabisa nikafunga kufuli, na mwezi wa tisa ulipofika nikazitoa siku ambayo benchi lilikuwa na watu wachache, nikampa Bibi. Zilikuwa zimepita kikomo. Nikadhani nimekosea kupima, nikaandaa upya kwa vyombo vipya, zikapita tena. Kabati lile ndilo duka, wadogo zangu. Ndilo kabati la dawa la mtu yeyote wa Temeke au Kinondoni. Maana yake vidonge vilivyokuwa madukani wakati ule vilikuwa vinavunjika kimya kimya ndani ya pakiti nzuri, na wanaovimeza hawawezi kujua, kwa sababu dawa ya kuzuia haina siku utakayoihisi imekuponya.

Nikaandika matokeo kwenye daftari la kabati namba mbili. Nikachukua karatasi ya Bibi mpaka mlangoni kwa Dokta. Mlango ulikuwa wazi nusu, ndani kuna wageni na soda. Nikasema nitarudi. Kurudi ilimaanisha kueleza kwanza kwa nini nilisaini uongo, na kila wiki iliyopita maelezo hayo yalizidi kuwa marefu. Sikurudi.

Katikati ya hayo nikapata habari kwamba Mama Anastazia alipata kiharusi miezi kadhaa nyuma, kile chepesi. Nilifunga safari ya Kimbiji, mie ambaye kwenda Kariakoo tu naaga majirani. Nilimkuta amekaa mkekani, mdomo umevutwa kidogo upande, mkono wa kushoto hauna nguvu, ulimi haujambo. Akauliza kama bado naharisha. Tukacheka. Kisha akatuma mjukuu alete maji, na kwenye sinia, pembeni ya bilauri, nikaiona pakiti yetu ya plastiki, imekatwa nusu. Alisema daktari amemwandikia ameze kila siku, na yeye dukani anataja za kwetu kwa jina. Miaka yote amezipima, ataacheje kula kazi ya mikono yake.

Sikuwa nimepanga kusema. Lakini nikamwambia aache hizo, atafute za kampuni nyingine zilizofungwa foili pande zote. Akauliza kwa nini. Nikajaribu kutania, akaniuliza tena, kama zamani akinirudishia daftari. Nikamweleza yote: siki, achari, fomu, mwezi wa tisa. Alichukua pakiti, akakivunja kidonge kimoja kwa kidole gumba cha mkono mzima, akakinusa, akakiweka mkekani.

"Mie umenifuata mpaka Kimbiji," alisema. "Na wengine utawafuata kwa miguu?"

Nikacheka kwa mazoea. Yeye hakucheka. Kwa desturi yake angenisindikiza, hata kwa mkongojo, mpaka njia kuu. Siku ile alibaki amekaa, akamwambia mjukuu anionyeshe njia.

Alibadilisha dawa, nilikuja kuambiwa. Kiharusi cha pili kilimfika mwaka uliofuata na hakuamka. Alikuwa mtu mzima, alikuwa na presha, mambo ni mengi. Lakini alikuwa amevimeza vya kwetu miezi kadhaa kabla sijafika, na hesabu hiyo Bibi hana uwezo wa kuichora. Mazishini nilikaa nyuma, karibu na sufuria. Nilikuwa na ufunguo shingoni.

Jaribio jipya lilipofika mwezi wa sita likashindwa kama la kwanza. Safari hii hapakuwa na chakula cha kusingizia. Vibakuli vyote vilikuwa vimepigwa marufuku. Pakiti zikarudishwa foili pande zote, na tangazo ubaoni likasema ni maboresho. Zilizokwisha kuuzwa hazikuitwa zirudi. Hakuna aliyeulizwa kitu. Dokta Lameck alihamia kwingine akaniaga kwa mikono miwili, na nikamwombea heri, maana adabu ninayo hata pale isipotakiwa.

Kilichobaki ni ile fomu. Nyie mliokuja baadaye mmeiona siku yenu ya kwanza, kwenye mafunzo ya wageni, ikitupwa ukutani kwa projekta: mchambuzi aliweka chakula, matokeo ya miezi sita yakaharibika, kiwanda kikapata hasara. Jina wamelifuta, lakini mlitoka pale mkija moja kwa moja benchini kwangu. Mzee Achari. Nililipenda hilo jina, msifikiri nilinuna. Nilichekaga nanyi, na wakati mwingine nilikiongezea kisa chumvi ili kinoge. Kila nilipokiongezea kikawa cha kweli zaidi.

Neema, nakuandikia wewe sasa, kwa sababu ni wewe peke yako uliyewahi kuuliza. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho, tunakabidhiana makabati. Ulikuwa na ile fomu mkononi, ukaniambia, "Mzee, hapa wameandika kabati namba moja tu. Namba mbili lilisema nini?"

Nikakujibu sikumbuki. Ukasema sawa, ukaendelea kuhesabu rafu.

Nilikuwa nakumbuka. Daftari lake ni lile la jalada la bluu, droo ya chini, chini ya miongozo ya mashine ambayo hakuna anayeisoma. Mwandiko ni wangu. Mwezi wa tatu, ndani ya kikomo. Mwezi wa sita, ndani, kwa unywele. Mwezi wa tisa, nje. Nilipima mara mbili. Kabati hilo lilikuwa na kufuli, ufunguo nilikuwa nao mie, na halijawahi kuwekwa chakula cha mtu yeyote.